Je, Mzee Aone Haya Kuugua Moyoni?



Mzee akivunjika mguu katika vijiji vyetu, habari hufika Omurushaka kabla ya jua kuchwa. Vijana hufunga machela, jirani huchanga nauli, akina mama huja na ndizi na maharage, na mwinjilisti hulitangaza jina lake Jumapili ili aombewe. Lakini mzee akikosa usingizi miezi mitatu, akaacha kula, akaacha kuingia shambani, akawa anakaa mlangoni akilia pasipo sababu inayoonekana, au akaanza kumwita mjukuu kwa jina la mtoto aliyezikwa zamani, mlango hufungwa. Wageni huambiwa, “Mzee amepumzika.” Jina lake halitangazwi. Na wote nyumbani, pamoja na yeye mwenyewe, huafikiana bila kusemezana kwamba neno hili lisitoke nje ya ua.

Swali letu la mwezi huu ni hili: mapatano hayo ni heshima, au ni kitu kingine kilichovaa nguo za heshima? Twaomba msomaji asilijibu upesi. Wako wanaosema kwamba kuficha ni ujinga tu, na kwamba watu wakielimishwa wataacha. Sisi hatuoni hivyo. Watu wanaoficha wana sababu zao, na baadhi ya sababu hizo ni nzito.

Lakini kwanza tuseme kidogo juu ya maradhi yenyewe, maana wengi huyatia yote katika chungu kimoja na kukiita wazimu. Iko huzuni kuu, ambayo siku hizi madaktari huiita sonona. Kwa mzee mara nyingi haiji na machozi, bali huja kwa mlango wa mwili. Atalalamika mgongo, kichwa, kifua kuwaka moto, tumbo lisilotulia. Ataamka saa tisa usiku asilale tena. Atapimwa malaria, atapewa dawa za maumivu, atarudi nyumbani vilevile. Liko pia gonjwa la usahaulifu linalokula akili polepole kwa miaka, na hilo si uzee. Mzee wa kawaida husahau alipoweka fimbo. Mwenye gonjwa hili hufika siku akaishika fimbo asijue ni ya kazi gani. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wataalamu waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, nyumba kwa nyumba, katika miaka ya 2009 na 2010, wakaona kwamba katika kila mia, sita hivi walikuwa na gonjwa hilo. Watafiti walipowauliza watu wa huko wanavyolielewa, wengi walisema ni mambo ya uzee tu, na wengine wakataja laana au uchawi. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba majibu ya Nkwenda au Bugene yangekuwa mbali na hayo.

Na liko jambo la tatu ambalo twataka kila mwenye mzee nyumbani alishike sana. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu, na Jumatano akawa anaongea ovyo, haelewi yuko wapi, anaona watu ukutani, huyo hajarukwa na akili kwa ukoo, wala hajarogwa. Mara nyingi ana ugonjwa wa mwili: malaria, homa ya mapafu, uchafu katika njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au kupanda, maji yaliyopungua mwilini, au dawa alizochanganya. Huyu ni wa kupelekwa hospitali siku ileile. Akitibiwa upesi aweza kurudiwa na akili zake zote. Akifichwa kwa sababu ya aibu, aweza kufa kwa ugonjwa ambao ungetibika. Basi aibu si jambo la hisia tu. Inaua, na mauti yake huandikwa kwa jina lingine.

Sasa turudi kwenye sababu za kuficha.

Sababu ya kwanza ni ya mzee mwenyewe. Sisi tumelelewa katika neno kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mzee ndiye anayeamua shauri la mpaka wa kibanja, ndiye anayepatanisha mume na mke, ndiye anayejua kaburi la nani liko wapi. Heshima aliyopewa haikutokana na mali wala elimu, bali na kwamba akili yake yategemewa. Mtu wa namna hiyo akienda mbele ya mganga kijana, ambaye aweza kuwa mjukuu wake, na kusema, “Kichwa changu hakikai sawa,” anaona kwamba ametoa kwa kinywa chake mwenyewe kitu cha pekee kilichobaki mkononi mwake. Nguvu zimekwenda, meno yamekwenda, shamba linalimwa na wengine. Kilichobaki ni shauri. Kwa hiyo anaponyamaza, halindi kiburi. Analinda nafasi yake ya mwisho kati ya watu.

Sababu ya pili ni nzito kuliko hiyo, na ajabu ni kwamba haitajwi katika mafundisho ya afya. Kabla ya ndoa watu wetu huuliza. Nyumba ya kijana huuliza juu ya nyumba ya binti, na nyumba ya binti huuliza juu ya nyumba ya kijana. Je, katika ukoo ule kuna ukoma? Kuna kifafa? Kuna kichaa? Maswali hayo huulizwa kwa sauti ya chini, jioni, na mtu wa tatu asiyehusika, na majibu yake huweza kuvunja posa pasipo mtu yeyote kueleza ni kwa nini. Hata wakristo huuliza. Hata wazee wa kanisa huuliza.

Tuchukue basi mfano wa bibi mmoja. Hatusemi ni wa kijiji gani, maana wako wengi. Ana wajukuu wa kike watatu, mmoja yuko karibu kuchumbiwa. Bibi huyu kwa muda wa mwaka mzima moyo wake umekuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mara nyingine amewaza kwamba afadhali asingeamka. Anajua kabisa kwamba kituo cha afya kipo. Lakini anajua pia nani anakaa kwenye benchi la kituo siku ya Jumatano, na anajua kwamba akionekana katika chumba kile, kabla ya mwezi kwisha mtu fulani atajibu lile swali la jioni kwa kusema, “Bibi yao ana matatizo.” Basi anakaa kimya. Anawanunulia wajukuu wake ndoa kwa ukimya wake.

Je, bibi huyu amekosea? Methali yetu yasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini methali hiyo yamlaumu anayeficha, haiulizi anamficha nani. Sisi twaona kwamba bibi huyu, kwa hesabu yake, anatoa sadaka. Kumwambia, “Mama, usione aibu, jitokeze,” ni kumtaka alipe gharama ambayo sisi wasemaji hatutalipa hata senti. Si haki kumdai mgonjwa ushujaa ilhali aliyezima hasemwi. Aliyezima ni yule anayeuliza swali la jioni, na yule anayelijibu. Katika kila posa inayovunjika kwa sababu ya bibi aliyewahi kutibiwa huzuni, iko nyumba ya kikristo iliyoamua kwamba dawa ni ushahidi wa uchafu. Zaidi ya hayo, swali lenyewe linaulizwa kwa ujinga. Huzuni kuu ya mwanamke wa miaka 70 aliyefiwa na watoto wake haisemi neno lolote juu ya damu ya mjukuu wake. Ni kweli kwamba baadhi ya maradhi ya akili huelekea kurudi katika ukoo, kama vile sukari na presha. Lakini hatujapata kusikia posa ikivunjwa kwa ajili ya presha.

Kwa hiyo, kama liko fundisho la kutolewa kanisani juu ya jambo hili, twaona litolewe kwanza katika darasa la wachumba na kwa washenga. Wagonjwa waje baadaye.

Kuna historia ya karibu inayotusaidia kuelewa jinsi wazee wetu walivyojifunza kuficha. Wengi walio na miaka 65 au 75 leo walikuwa vijana na wazazi wapya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanya biashara wa magendo toka Uganda. Wanaokumbuka miaka ile wanajua jinsi mazishi yalivyokuwa. Marehemu alikuwa amekufa kwa homa, au kwa kifua, au kwa kurogwa. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wenyewe. Mama alimwosha mwanawe usiku ili majirani wasione vidonda. Mama huyohuyo ndiye bibi wa leo. Alilea yatima watatu au watano katika kibanja kimoja, akiuza kahawa kidogo ya kulipia sare za shule, na hakuna aliyemwuliza siku hata moja, “Na wewe je, umelala?” Ujuzi wa kuficha haukumjia uzeeni. Aliupata kwa machozi, na ulimsaidia kupita.

Wala si hilo tu walilopitia. Vita vya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilianzia katika mkoa huu. Mwaka 1994 makambi ya wakimbizi wa Rwanda yalijaa Karagwe nzima, wakati Kyerwa ilipokuwa bado ni sehemu yake, na watu wetu waliona mambo ambayo jicho halipaswi kuona. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama Mv. Bukoba. Tangu mwaka 2006 mnyauko wa migomba umewalazimisha watu kung’oa kwa mikono yao vibanja walivyorithi kwa baba zao, na asiye mkulima wa ndizi hawezi kuelewa maana yake mzee kung’oa kibanja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 likabomoa nyumba zilizokuwa zimejengwa kwa miaka ya kahawa. Mtu aliyebeba hayo yote akiwa na moyo mzito, cha kushangaza si kwamba anaumwa. Cha kushangaza ni kwamba tunamtafutia mchawi.

Habari ya UKIMWI ina upande wa pili. Aibu ile ilipungua lini? Mahubiri yalikuwapo tangu mwanzo, mabango yalikuwapo, nyimbo za kwaya zilikuwapo. Ilipungua hasa baada ya mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, na watu wakamwona jirani aliyekuwa amebebwa mgongoni akitembea mwenyewe kwenda gulioni Kaisho na kubishana bei ya mbuzi. Macho ndiyo yaliyowafundisha. Basi na maradhi ya moyo yatavuliwa aibu kwa njia hiyohiyo, yaani mzee mmoja apone na watu wamwone amepona. Ugumu ni kwamba wanaopona wengi hawasemi kwamba waliugua, na ambao hawajapona ndio wanaoonekana stendi ya Kayanga wakiokota makopo. Kwa hiyo mtu akisema “maradhi ya akili”, picha inayomjia ni ya yule wa stendi, na mwenye huzuni hujisemea, “Mimi si yule.” Kwa hakika yeye si yule.

Sasa tuje ndani ya kanisa, maana hapa nako pana vikwazo vyake.

Katika jimbo hili imani ya wengi ilitiwa moto na Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Uamsho ule ulitufundisha kusimama mbele ya ndugu na kusema wazi yaliyo moyoni, na jambo hilo ni hazina. Lakini mwenye huzuni kuu akiingia katika mkutano wa ushirika, ambako kila anayesimama anashuhudia furaha, hujiuliza dhambi yake iko wapi. Huitafuta, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe humfanya mtu ajione hana thamani, huipata. Ataungama jambo la mwaka 1968. Ndugu watamwimbia na kumkumbatia. Kesho yake saa tisa usiku ataamka vilevile, na sasa ataongeza hofu moja zaidi, kwamba hata msamaha haukumshika. Kuungama ni dawa ya dhambi; kwa mtu ambaye shida yake si dhambi, dawa hiyo haiingii mahali penye kidonda.

Na wako wanaosema ni pepo. Hatutaki kugombana na mtu juu ya mapepo katika ukurasa huu. Twasema tu kwamba anayemwombea mzee afunguliwe, na wakati huohuo akamkataza dawa, anafanya jambo ambalo Maandiko hayalisemi. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mafundisho ya maisha ingawa halikiwekei msingi wa imani, sura ya 38 yamsifu tabibu na dawa za ardhi kuwa ni kazi ya Mungu. Tena tusome habari ya Eliya katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii mkubwa, aliyeshinda juzi mbele ya taifa zima, amekaa chini ya mti jangwani anaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwuliza dhambi yake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, baada ya safari ndefu. Ruthu sura ya 1 yasimulia juu ya Naomi, mama aliyefiwa na mume na wana wawili, aliyewaambia watu wa mji wake wasimwite tena kwa jina lake bali wamwite Mara, yaani mwenye uchungu. Hakuna aliyemwambia afurahi. Walichofanya wanawake wale ni kuendelea kukaa naye, hata siku walipomwona amempakata mtoto.

Jambo la uchawi tulipite haraka, si kwa kuwa ni dogo bali kwa kuwa laeleweka. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng’ombe. Mama mzee anayetembea usiku kwa kupotewa na njia, au anayesema peke yake, yuko katika hatari hiyohiyo. Kumpima akili mapema na kuwaeleza majirani gonjwa lake kwa jina lake ni njia mojawapo ya kuulinda uhai wake. Hapo kusema wazi kunalinda kuliko kuficha.

Upande wa wanaume una sura nyingine. Babu haendi kituoni. Huenda kwenye rubisi. Kila siku saa kumi, kimya kimya, mpaka watu waseme, “Mzee amekuwa mlevi uzeeni.” Ulevi wapata lawama, nao unastahili, lakini lawama hiyo huufunika ugonjwa uliokuja kabla ya kibuyu.

Je, kuna msaada ambao haumvunjii mzee heshima? Upo, na mfano wake hauko mbali. Ng’ambo ya mpaka wetu, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, watafiti waliwauliza wenyeji wanaitaje huzuni hiyo. Hawakupewa jina la hospitali. Walipewa maneno mawili ya Kiganda, moja lenye maana ya kujichukia na la pili kujihurumia nafsi. Kisha mwaka 2002, katika utafiti wa vijiji 30, wakaunda vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kila kikundi chini ya kiongozi mwenyeji aliyefundishwa kwa wiki mbili tu. Walikutana dakika 90 kila wiki kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa kama 6 au 7 katika mia, wakati mwanzoni walikuwa 86. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walibaki 55 hivi katika mia. Hapakuwa na kidonge. Pia hapakuwa na chumba chenye kibao mlangoni, na ndiyo maana watu walikuja.

Nako Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14. Walifundishwa kuketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye ugonjwa ambao Washona huuita “kufikiri kupita kiasi”. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hapa liko jambo ambalo twalipenda sana. Tulisema kwamba mzee huogopa kupoteza nafasi yake ya kutoa shauri. Kwenye benchi lile nafasi hiyo ndiyo dawa yenyewe. Bibi aliyewahi kuugua moyoni akapona ana shauri ambalo hakuna mganga kijana awezaye kulitoa. Umoja wa Akina Mama katika mitaa yetu wanao wanawake wa namna hiyo, na wanao utaratibu wa kutembelea nyumba. Kinachokosekana ni mafunzo machache, na ahadi ya kutunza siri inayoshikwa kwelikweli. Maana bila hiyo ya pili, afadhali kikundi kisianzishwe.

Hata hivyo vikundi havitoshi kwa kila ugonjwa. Kuna wanaohitaji dawa, na hapa hofu kubwa ni jina moja: Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na kwa vizazi viwili neno “kupelekwa Mirembe” lilikuwa na maana ya kutorudi. Wazee wetu wamekua nalo. Siku hizi mambo sivyo. Tangu miaka ya 1980 nchi yetu imekuwa ikijaribu kuyaleta matibabu haya karibu na watu, katika hospitali za wilaya na vituo vya kawaida, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ilichukua mahali pa sheria ya zamani tuliyorithi toka enzi za wakoloni. Mzee mwenye huzuni kuu au usahaulifu, katika hali ya kawaida, hutibiwa akilala nyumbani kwake. Ataanzia zahanati au kituo cha afya, na akihitaji zaidi ataandikiwa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, Bukoba, au Bugando huko Mwanza.

Wasomaji wengine wamekuwa wakiuliza, nini kifanyike mzee akikataa katakata? Wako wanaomdanganya. Humwambia wanampeleka kupimwa macho, kisha anajikuta mbele ya mganga wa akili. Twaelewa uchovu wa mtoto afanyaye hivyo, na kwa mzee aliyepotewa na fahamu kabisa, au aliye katika hatari ya kujidhuru, sharti apelekwe tu, apende asipende. Lakini kwa mzee anayeelewa maneno, hatuuafiki udanganyifu huo. Kwanza ni kumfanya mtoto mtu uliyemwita baba. Pili, haufai hata kwa shabaha yake, kwani akishagundua, hatakwenda tena hata kwa macho. Afadhali kumwambia kweli kwa maneno ya mwili wake mwenyewe: “Tata, hulali. Umekonda. Twende tukamwulize mganga juu ya usingizi.” Huo si uongo, na mganga mwema ataufuata usingizi hadi ulikotoka. Akitaja kwamba amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampandikizia wazo. Kumwuliza hakumpandikizii; mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kupumua.

Juu ya gharama: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilielekeza kwamba wasiojiweza watibiwe bila malipo. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Mzee achukue kitambulisho chake. Asiye nacho aende kwa mtendaji wa kijiji kabla ya siku ya safari, asingoje kugombana dirishani. Dawa za zamani anazotumia, hata za kienyeji, azifunge katika mfuko azipeleke zote, maana mganga atataka kuziona. Na atakayemsindikiza awe mtu mmoja tu, aliyechaguliwa na mzee mwenyewe.

Waliotayari kujifunza kazi ya kutembelea wazee waliougua moyoni, waume kwa wake, watoe majina yao kwa mwinjilisti wa mtaa wao. Wale wenye tabia ya kusimulia ya watu kisimani twaomba wajitolee kazi nyingine. Kufagia kanisa kuna nafasi.